Kachinja Nani?

Alizaliwa wapi, kwa nani, mwaka wa njaa au wa shibe, mie sijui na sijamuuliza. Nilipopata akili nilimkuta kashazeeka, kavaa koti jeusi lenye kifungo kimoja, anawakemea watoto wanaomenya machungwa katikati ya sala. Mtaani kwetu Ng'ambo tunamwita Mwalimu, na hakuna anayeuliza Mwalimu yupi. Walimu wa skuli ninayosoma mjini ni wengi, wana majina na wana fimbo. Huyu hana fimbo. Ana kiti.

Nieleze kiti kwanza, maana bila kiti Mwalimu haeleweki.

Sisi Wakristo wa mtaani ni wachache kama meno ya bibi yangu. Jumapili asubuhi tunavuka kwenda Mji Mkongwe, kwenye kanisa kubwa, na huko Mwalimu hukaa benchi la nyuma, kimya, kama mtu aliyealikwa kwa bahati mbaya. Lakini alasiri ni yake. Alasiri tunakusanyika kwenye kibanda cha ibada, udongo chini na bati juu, na hapo mbele, pembeni ya meza ya sala, Mwalimu huweka kiti kitupu cha mguu uliofungwa kamba.

"Leo tuna mgeni," huanza. "Esau huyu. Katoka mawindoni, ana njaa, jasho linamtoka. Mwamkieni."

Nasi, watu wazima na akili zetu, tunakiamkia kiti: "Shikamoo, Esau!"

Halafu Mwalimu humgeukia mgeni. "Esau bwana, hebu tueleze. Urithi wa baba yako, wote, kwa bakuli la dengu?" Hutega sikio. Kibanda kizima hutega sikio. "Anasema zilikuwa zinanukia," Mwalimu hutuambia, kwa huzuni ya mtu anayemwelewa kabisa. "Na nani hapa hajauza kitu kikubwa kwa sababu ya harufu?"

Siku ile nilinyoosha mkono nikasema, "Mwalimu, Esau hajaitika marahaba." Watu wakacheka, mama akanifinya. Mwalimu akanitazama, akasema Esau hakulelewa vizuri, kama baadhi yetu.

Wageni wake wote walikuwa watu wa aibu. Alikuwa na msemo: "Kwenye Biblia hamna watu wema, mna watu waliokamatwa." Petro alipokuja kitini, Mwalimu hakusema habari za funguo wala mwamba. Alisema, "Huyu hakumkana Bwana wake mbele ya mfalme. Alimkana mbele ya kijakazi, watu wanaota moto, wanapiga soga. Imani haishindwi vitani, jamani. Hushindwa jikoni." Na akina mama waliotoka jikoni muda si mrefu wakatazama miguu yao.

Kila mtu mtaani Mwalimu alimpa mwenzake kutoka humo Kitabuni. Mama yangu ni Martha, kwa kuwa hutoka kabla ya sala ya mwisho kwenda kuangalia wali wake. Kiongozi wa kwaya ni Samsoni, na si kwa nguvu, ni kwa nywele. Mie nilitaraji Daudi, kijana mwenye kombeo. Akaniita Punda wa Balaamu.

"Yule punda alisema maneno ambayo hakuna aliyemwomba aseme," alinieleza mbele ya darasa zima la kipaimara, wenzangu wakijikunja kwa kicheko. "Lakini usinune. Alimwona malaika kabla ya bwana wake."

Basi jina likanata. Mpaka leo akiniita "Punda!" nami naitika "Naam, Mwalimu," na wapita njia wanatushangaa.

Hasira zake nazo zilikuwa na mahali pake. Alihubiri uvumilivu, halafu akenda kucheza bao kwa jirani yake Mzee Haji, akifungwa anazipangusa kete zote kwa mkono akidai kuna kuku kapita. Mzee Haji ni mtu wa Kizimkazi aliyehamia mjini zamani, anafua bati, na vibatari vyetu vyote mtaani katoa yeye. Nyumba yake na ya Mwalimu zimeegemeana ukuta. Wazee hawa wawili wana ugomvi mmoja tu, na umri wa ugomvi huo unashinda wangu: Nabii Ibrahimu alipopanda mlimani na kisu, mtoto alikuwa yupi?

"Isaka," Mwalimu husema, akisogeza kete.

"Ismaili, yakhe. Sote twajua."

"Isaka! Imeandikwa."

"Na kwetu imeandikwa vilevile. Cheza."

Na kila mara Mzee Haji ndiye anayeumaliza: "Alimradi kisu hakikumpata mtoto. Cheza, Mwalimu, usinitafutie kuku."

Sijapata kuona Mkristo anayeheshimu Uislamu wa watu kama yule. Tukiwa katikati ya wimbo na adhana ikaanza, huinua mkono, nasi tunanyamaza hapohapo, midomo wazi kama samaki changu mnadani. "Jirani anasema," hutuambia. "Akimaliza tutaendelea." Mfungo wa Ramadhani hapiki mchana vitu vya kunukia. Na sikukuu yetu ya Krismasi haikupita bila Mzee Haji kushika kisu.

Hili nalo nilieleze, kwa atakayesoma hapa na hajakaa mtaani kwetu. Mkristo wa hapa akitaka kufanya karamu hamchinji mnyama mwenyewe. Humwita jirani Mwislamu achinje, ili majirani wote waweze kula. Kila Krismasi Mwalimu alinunua mbuzi, Mzee Haji akachinja uani, na alasiri wanawake wa mtaani walipofika mlangoni na buibui zao, wa mbele aliuliza, kabla hata ya kuvua viatu: "Kachinja nani?" Mwalimu akajibu, "Kachinja Mzee Haji." Basi. Neno hilo ndilo lililokuwa ufunguo, mikeka ikajaa.

Kwa hiyo mtu angedhani Uislamu haungeweza kumuuma Mwalimu. Nami nilidhani.

Mwalimu ana mtoto mmoja, Yusufu. Yusufu alikuwa kaka yetu sote, mrefu, mpole, hodari wa kupiga mluzi. Alipata kazi ya minazi huko Tunguu, akakaa, akaonana na msichana, na habari ikarudi mjini kabla yake: Yusufu kaoa, Yusufu kasilimu. Jina halikumpa hata taabu ya kubadilisha. Alibatizwa Yusufu, na msikitini wakamwambia abaki nalo.

Mwalimu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kijana wangu yuko shamba," na mpaka Krismasi iliyopita sikumsikia akisema zaidi ya hapo. Neno kasilimu halikumtoka. Yusufu alipokuja kumwamkia mara ya kwanza, Mwalimu alikuwa barazani anasoma. Alifunga kitabu, akaingia ndani, akafunga mlango, na Yusufu akabaki na shikamoo yake mkononi kama mtu aliyeleta mzigo nyumba isiyo yake.

Uislamu wa Mzee Haji aliusimamishia kwaya. Wa mwanawe ulimuuma kama jino, na jino hilo hakumwonesha mtu.

Mkewe sote tunamwita Mama Yusufu. Mwalimu akaacha kumwita hivyo, akawa anamwita "wewe" au "mwanamke". Na mtu akimwita yeye "Baba Yusufu", kama wazee wenzake walivyozoea, haitiki. Anapita. Nilimwona akipita mbele ya muuza samaki anayemwita kwa jina hilo mpaka sauti ikamkauka, na samaki walikuwa wazuri.

Yusufu naye akapata njia yake. Kila Krismasi asubuhi, baba yake akiwa kanisani mjini, huingia kwa mlango wa uani, humwamkia mama yake, huacha pakacha la ndizi na nazi, akaondoka kabla ya sisi kurudi. Mtaa mzima tunajua. Mwalimu hula zile ndizi na haulizi zimetoka wapi.

Sasa, wageni wa kitini. Mmoja aliyekuja mara kwa mara kuliko wote ni yule mwana mpotevu. Mwalimu alimpenda. Alimwamkia, akamhoji alivyoitapanya mali, akamfikisha kwa nguruwe, anatamani maganda yao. Na hapo, kila mara, hufunga Kitabu. "Tuombe." Kila mara kwa nguruwe! Mara ya kwanza nilidhani wakati umekwisha. Mara ya pili nikadhani kasahau. Mara ya tatu nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule kijana bado yuko kwa nguruwe? Si atakuwa kashanuka sasa?"

Wenzangu walianza kucheka, halafu wakaacha, mmoja mmoja. Mwalimu alikuwa kashika mgongo wa kile kiti kwa mikono miwili.

"Njia ni ndefu, Punda," alisema.

"Na baba yake lini ataletwa kitini?"

Akatuimbisha.

Haya, na siasa nayo. Tangu uchaguzi, mtaa wetu umeota ukuta usioonekana. Hili duka letu, lile lao. Watu wanakuuliza chama kabla hawajakuuliza hali. Gari hii hatupandi, dereva wake si mwenzetu. Mwalimu hakuwa na chama, lakini kwa kuwa ni Mkristo watu wamemhesabu upande wa wabara, kama walivyotuhesabu sote. Mzee Haji yuko upande wa pili. Waliendelea kucheza bao, ila sasa ndani, mlango umerudishwa, na hata Ibrahimu wakimgombania kwa sauti ya chini.

Mkesha wa Krismasi iliyopita nilikuwa uani kwa Mwalimu, natakiwa nimfunge mbuzi, ingawa mbuzi ndiye aliyekuwa akinifunga mie. Mzee Haji akaingia. Hakukaa.

"Mwalimu, kesho sitoweza."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Wenzangu wa chama wamenijia. Wanasema nikishika kisu nyumbani kwako, siku yangu ikifika hawatonizika." Alikuwa akitazama kofia yake aliyoivua. "Mie mtu mzima, yakhe. Nilichobakisha ni kuzikwa."

Nilingoja Mwalimu aseme neno la Kitabuni. Alisema, "Nimekuelewa, Haji." Mzee Haji akabaki kidogo, kama anataka kugombezwa. Hakugombezwa, akatoka.

Mama Yusufu akauliza kesho itakuwaje. Samsoni wa kwaya, aliyekuwa akipasua kuni, akasema achinje yeye, tule wenyewe, tuna haja gani na watu wanaotususa? Mwalimu akamgeukia.

"Ukichinja wewe tutakula sisi kwa sisi. Hiyo si karamu, Samsoni. Hicho ni chama."

Asubuhi ya Krismasi Mwalimu hakungoja ibada kubwa. Alisali ya alfajiri, akarudi Ng'ambo haraka, akapita nyumba baada ya nyumba kutafuta mchinjaji. Nilifuatana naye. Mmoja mgongo unamuuma. Mmoja katoka, na tulimsikia akikohoa ndani. Mmoja alisema kweli: "Mwalimu, nna watoto." Tukarudi. Pilipili zimeshatwangwa, mchele umeshachaguliwa, mbuzi kalala anacheua bila wasiwasi. Mwalimu akakaa uani kwenye kile kiti chake cha mguu wa kamba, alichokileta toka kibandani kwa ajili ya wageni wa alasiri, akayatazama masufuria. Mwaka huo hakungekuwa na mtu wa kuuliza kachinja nani. Na mwaka mmoja ukipita bila kuulizana, unaofuata utapita kwa urahisi zaidi. Hata mie nililiona hilo.

Mlango wa uani ukasukumwa. Yusufu. Kofia kichwani, pakacha mkononi, na uso wa mtu aliyekosea nyumba. Hakutaraji kumkuta baba yake saa hiyo.

"Shikamoo, baba."

Mwalimu hakuitika. Lakini mara hii hapakuwa na mlango wa kufunga, tulikuwa nje. Mama Yusufu kasimama na mwiko. Samsoni na shoka lake. Mama yangu Martha kainama juu ya mchele, hainuki. Mbuzi akalia.

Na mie, Mungu aliyeniumba na mdomo huu anisamehe, nikasema:

"Mwalimu, mchinjaji si huyo hapo?"

Mama alifumba macho. Maana kila mtu pale alijua maana yake. Kumpa Yusufu kisu ni kukiri mbele za watu lile neno ambalo Mwalimu hakuwahi kulitamka. Kijana hayuko shamba. Kijana ni Mwislamu, kwa hivyo nyama atakayoichinja italiwa.

"Si lazima, baba," Yusufu akasema. "Mie napita tu. Naacha ndizi."

Mwalimu akainuka, akaingia ndani. Tukasikia kabati likifunguliwa. Samsoni akaliweka shoka chini taratibu. Yusufu akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu alikuwa katoka. Ana kisu. Alikishika kwenye bapa, mpini kaulekeza kwa mwanawe. "Unajua kuchinja?"

"Najua."

"Nani kakufunza?"

"Mzee Haji, baba. Si mie nilikuwa nashika miguu kila mwaka?"

"Leo miguu atashika nani?"

Samsoni akasogea. Mwalimu akamzuia kwa mkono. Akavua koti, lile koti, sijapata kuona mabega yake bila lile koti, madogo kama ya mtoto wa skuli. Akanipa nilishike. Akapiga magoti kwenye majani ya mgomba, akashika miguu ya mbuzi, na kabla Yusufu hajasema lolote, yeye mwenyewe akamgeuza mnyama kichwa kielekee kibla. Hakukisia. Miaka yote ile alikuwa akitazama.

Yusufu akalisema jina la Mungu kwa sauti ya chini, kama asiyetaka kumwamsha mtu.

"Sema usikike," Mwalimu alisema, uso kauelekeza ukutani. "Watu wataka kula."

Akasema ikasikika. Nadhani ilivuka ukuta, maana kwa Mzee Haji nyundo ya bati iliyokuwa ikigonga tangu asubuhi iliacha kugonga.

Alasiri tukatandika mikeka na kungoja. Mwanzo hakuja mtu. Kwaya yetu ilikaa imejipanga ukutani kama watu wa kupigwa picha. Halafu mlangoni akatokea Mzee Haji mwenyewe, kanzu safi, na nyuma yake wanawake wachache, si wote wa mwaka juzi, hata nusu hawafiki.

"Walinikataza kuchinja," alisema, haijulikani anamwambia nani. "Kula hawakutaja." Lakini hakuvua viatu. Alisimama pale kizingitini, akamtazama Mwalimu, akauliza lile swali ambalo miaka yote jibu lake lilikuwa yeye.

"Kachinja nani?"

Mwalimu alikuwa kwenye kile kiti. Shati lake lina damu kwenye mikono, hakubadilisha.

"Kachinja Yusufu."

"Yusufu yupi?"

Alijua, bila shaka. Alitaka wanawake wasikie. Au alitaka kitu kingine, sijui, wazee hawa wawili wamechezeana muda mrefu.

"Yusufu wangu," Mwalimu alisema.

Mzee Haji akavua viatu.

Watu walikula. Yusufu alikaa karibu na mama yake, anaulizwa habari za Tunguu, anajibu kwa adabu, na nikagundua kwa mara ya kwanza kwamba ana mtoto, maana Mama Yusufu alikuwa akifunga nyama kwenye jani la mgomba na kusema hii ya mjukuu wangu. Nje, kijana mmoja wa chama alipita mara mbili, akihesabu viatu vilivyo mlangoni. Mzee Haji alimwona. Aliendelea kutafuna, lakini polepole.

Walipoondoka wageni nilikusanya sahani. Mwalimu alikuwa bado kitini, sahani yake kaiweka mapajani. Wali kala. Nyama iko palepale.

"Punda."

"Naam, Mwalimu."

"Yule baba. Wa yule kijana wa nguruwe." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akimtaja. "Alichinja ndama, akaita watu, pakawa na ngoma. Hayo yamo. Nimesoma kila mstari, nimetafuta. Haisemi popote kama yeye mwenyewe alikula."

Mie nina jibu la kila kitu, muulize mwalimu yeyote wa skuli. Nilisimama na sahani zangu.

"Unadhani alikula?"

"Sijui, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa, kama kwamba angalau mara hii punda kasema kweli. Ndani Yusufu alikuwa akiaga, gari ya shamba haingoji. Mama Yusufu akaita kutoka ukumbini, na sijui kama alisahau au alikusudia, akaita kama zamani:

"Baba Yusufu! Njoo, mtoto anaondoka!"

Mwalimu akaitazama ile nyama iliyopoa.

"Naam," akaitika.

Lakini hakuinuka.